Nilivyoposa kwa bahasha ya kaki: Kasulu, Dafroza na maneno ya Kiingereza yanayoishia na -some

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Mara ya nne mke wangu kapita nyuma ya kiti, kasoma mistari miwili, kaniambia, "Malizia basi, wiki nzima unaguna tu humu ndani." Kwa hiyo nawaandikia kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Majina nimebadili. Yaliyobaki yote yamenikuta mimi, na aliyeharibu ni mimi.

Ni mrefu kidogo. Wale wa "weka summary", nendeni mkachemshe chai kwanza.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana mbichi, mzaliwa wa Korogwe, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Nikapangiwa sekondari moja ya Kasulu, kufundisha English. Kigoma niliijua kwa ajili ya mtihani: mawese, reli, ziwa. Hakuna aliyeniambia kwamba Kasulu iko juu na kuna baridi ya kukaa na sweta mpaka saa nne asubuhi. Nilishuka kwenye basi na mashati matano, yote ya mikono mifupi.

English yangu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Nasema ukweli, sasa hivi hakuna mkaguzi atakayenifuata.

Kilichoniokoa ni dictionary. Niliikuta sokoni kwa mama mmoja muuza karanga. Lilikuwa dubwana nene lisilo na jalada, la zamani sana, na herufi A yote ilikuwa imeshafungiwa karanga. Nikainunua hivyohivyo, ikianzia kwenye B. Uzuri wake ni kwamba chini ya kila neno kulikuwa na maandishi madogo yanayoeleza neno hilo zamani lilimaanisha nini, kabla wenyewe Waingereza hawajalipindisha. Jioni nilikuwa nasoma yale maandishi madogo kama watu wanavyosoma magazeti ya udaku.

Sasa Dafroza.

Alikuwa Mrundi, ana miaka ishirini na mbili hivi. Walikimbia kwao 1993 na wazazi wake, ila hawakukaa kambini. Walipewa kipande cha kulima na Muha mmoja mwenye roho nzuri, kijiji cha jirani na Kabanga. Kiha na Kirundi ni ndugu, wakaelewana haraka. Dafroza alikuwa anasaidia hospitali ya misheni pale Kabanga, anawatafsiria wamama wa Kirundi wanachosema daktari na nesi. Malipo yalikuwa ahsante nyingi na sabuni mara mojamoja.

Kule Kibondo kwenye makambi mashirika yalikuwa yanatafuta wakalimani wa kuajiri, ila wanaojua English. Yeye alikuwa na Kifaransa cha shule, kizuri kuliko English yangu mara kumi.

Jumamosi moja akatokea shuleni kwa mguu, viatu kavishika mkononi, akavivaa alipofika barazani.

"Amahoro, Mwalimu. Nataka Kiingereza. Kifaransa ninacho lakini hapa hakinunui chumvi."

Nikamwambia aje kila Jumamosi saa nane. Hela sikutaka. Akawa anakuja na maharage, viazi vitamu, siku nyingine ndizi. Tulikaa barazani, mlango wa staff room wazi, kila mtu anatuona. Kwa wale ambao akili zao zimeshaanza kutembea, rudisheni.

Wiki ya tatu akaniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliwahi kuniuliza.

"Mwalimu, mbona haya maneno yana mkia mmoja? Handsome, wholesome, troublesome, lonesome. Ni ukoo?"

Sikujua. Nikamwambia hilo tutalisoma wiki ijayo, mbinu ya walimu wote duniani. Jioni ile nikaifungua dictionary mpaka macho yakauma.

Wakuu, nilikuta mambo.

Handsome zamani halikuwa neno la sura. Lilikuwa la kitu kinachoshikika vizuri mkononi, kisichokusumbua kukitumia. Nilipomwambia alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Basi baba yangu ndiye fundi wa handsome Kasulu nzima."

Baba yake, Mzee Sabimana, alikuwa anachonga mipini ya majembe. Na alikuwa na utaratibu wake: hachongi mpini bila kuushika kwanza mkono wa mwenye jembe. Anaufungua, anaupima kwa vidole vyake, anakitazama kiganja, ndipo anaenda kutafuta mti. Watu walitoka mbali kumfuata.

Tangu siku ile tukawa na neno moja la -some kila Jumamosi, kama kitafunio baada ya somo. Dafroza alikuwa na daftari, kapiga mstari katikati: kushoto "leo", kulia "zamani".

Wholesome, zamani ni kitu cha kuleta uzima, mpaka uzima wa roho. Akaliandika na pembeni akachora kikombe cha uji.

Noisome, watu wengi wanadhani ni kelele. Hapana. Zamani ni kitu cha kudhuru, siku hizi ni kitu kinachonuka. Akasema atalikumbuka kila akipita nyuma ya bweni letu la wavulana.

Fulsome, zamani lilikuwa tele, wingi, kujaa. Baadaye likaharibika, likawa sifa zilizozidi mpaka zinatia kichefuchefu. Hili lilimsikitisha. Alisema, "Kumbe na maneno huhama kwao."

Siku ya buxom ndiyo niliyotaka ardhi ipasuke. Hili nalo ni la ukoo uleule, ila limeficha mkia kwa spelling. Zamani lilimaanisha mtu msikivu, anayekubali kuinama. Akaandika kulia. Kisha akauliza, "Na leo?" Wakuu, leo ni mwanamke aliyejaliwa kifua. Nikatazama paa la baraza. Nikamwambia leo ni mwanamke mwenye afya. Akanitazama, akaandika "afya", lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nadhani alikuwa keshalisoma mwenyewe.

Nilimpenda. Niseme tu. Nilimpenda mpaka nikawa nachukia Jumatatu, Jumanne na zote mpaka Ijumaa.

Siku moja nikaenda kwao kusalimia. Mama yake alinipa ugali wa muhogo na maharage. Mzee Sabimana hakuwa mtu wa maneno. Tulipomaliza kula akauchukua mkono wangu wa kulia, akaufungua, akaupima kwa vidole, akakitazama kiganja. Akauachia bila kusema kitu. Niliona aibu. Nikajua mzee ananicheka, mkono wa chaki usio na sugu hata moja.

Hilo liwekeni akilini.

Mwaka uliofuata nikaamua kuoa. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, nisikilizeni vizuri.

Kwetu Tanga posa ni barua. Unaiandika kwa heshima, unatafuta mshenga mtu mzima, anaipeleka. Mshenga hapayuki pale uwanjani. Anakabidhi, anaomba jibu, anaondoka. Wenyewe wataifungua kwa nafasi yao na ukoo wao. Kadiri mshenga anavyosema machache ndivyo anavyoonekana ana adabu.

Na Dafroza alikuwa ameshaniambia habari za kwao. Kulikuwa na harusi kijijini, tukaongelea. Akasema kwao mke haombwi kwa karatasi. Wanakuja watu na pombe ya ndizi, wanakaa, wanaanza mbali kabisa, wanauliza habari za mvua na ng'ombe, wanazunguka na maneno mpaka jua linageuka, na upande wa pili unajibu kwa maneno hivyohivyo. "Neno lisilosemwa kwa mdomo kwetu halijasemwa," aliniambia.

Nilimsikia. Nikaona ni habari nzuri ya utamaduni. Moyoni nikasema mimi ni mtu niliyesoma, nitawapelekea kitu cha heshima zaidi, kilichoandikwa. Na yeye mwenyewe sikumwambia, nilitaka iwe surprise.

Mshenga nikampata Mzee Semkiwa, karani wa shule, mtu wa Muheza. Mzee wa suti na kalamu mbili mfukoni. Akafurahi kuliko mimi. Akasema, "Barua ya posa haiandikwi kwa mkono kama barua ya kuomba chumvi, kijana wangu." Akaipiga kwa mashine ya ofisini, na Kumb. Na. juu, na "YAH:" katikati.

Bahasha nyeupe mjini hazikuwepo wiki ile. Akachukua ya ofisini, ile ndefu ya kaki iliyochapwa juu KWA SHUGHULI ZA SERIKALI TU. Akaifunga, na pale inapofungukia akagonga muhuri wa shule, ili asitokee mtu wa kuidokoa njiani.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikiangalia. Nikaona imependeza.

Sasa mjue hali ya wakati ule. Tangazo lilikuwa limeshaanza kuvuma kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini watakusanywa wapelekwe kambini. Wengine walisema kambini, wengine walisema watarudishwa kwao moja kwa moja. Familia kama ya Dafroza walikuwa wanalala nusu usingizi. Mimi nililijua hilo. Tulikuwa tunaliongelea staff room kila siku. Ila akilini mwangu lile lilikuwa fungu moja na posa yangu fungu jingine.

Mzee Semkiwa akapanda baiskeli siku ya Jumatano, suti yake na tai. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Dafroza hakuwepo, yuko hospitali. Nimewakuta wazazi. Nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Nikamwambia: mzee, mimi nimetumwa tu, sina la kuongeza, yote yamo humu, na tunaomba jibu ndani ya siku saba. Wamenipokea kwa heshima kubwa sana. Yule mzee alisimama muda wote, hakukaa kabisa."

Nilifurahi wakuu. Nilimnunulia Mzee Semkiwa soda mbili.

Jumamosi ile nilikuwa nimeandaa neno. Nilikuwa nalitunza kwa miezi, la mwisho kwenye orodha yangu. Nilikaa barazani saa nane, saa tisa, saa kumi na moja. Hakuja. Nikasema ni aibu ya mchumba, huko kwao binti akiposwa labda hatakiwi kuonekana. Nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Siku ya saba ikapita. Jumamosi ya pili nikaenda kwao mwenyewe.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Maharage yalikuwa yamekauka shambani, ya kuvunwa, hayajaguswa. Kuku wao wawili walikuwa kwa jirani. Yule jirani, Muha aliyewapa shamba, aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

"Wameondoka Jumatatu alfajiri. Wameitwa na serikali."

"Serikali gani?"

"Alikuja bwana wa suti na barua ya serikali. Wamepewa siku saba."

Ilikuwa bahasha yangu, wakuu.

Nilijaribu kumweleza yule jirani kwamba ile ilikuwa posa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Basi Mwalimu, ungekuja na pombe." Hakuwa na utani.

Nilimtafuta. Niliomba kibali nikaenda Kibondo, kambi moja baada ya nyingine, Nduta ikiwemo, nauliza block kwa block. Dafroza ni jina la watu wengi. Nilioneshwa Dafroza wanne, mmoja ana miaka sitini. Halafu lile kusanyo lenyewe likaja kweli, watu wakawa maelfu kwa maelfu, mimi nani wa kupewa orodha. Mwaka mmoja baadaye nikaomba uhamisho kwenda Kibondo. Kwenye fomu nikaandika sababu ni hali ya hewa.

Nimekaa Kibondo mpaka leo. Nikaoa hapa, mwanamke mwema, mwalimu mwenzangu, ndiye huyo anayeguna nikiguna. Kambi zilifungwa, watu wakarudi kwao, nikasema basi.

Kama mnavyojua, Nduta ilifunguliwa tena 2015. Wiki tatu zilizopita kanisa letu lilipeleka nguo na sabuni, mimi nikiwemo. Nikiwa nagawa sabuni, bibi mmoja kwenye foleni akafika mbele yangu, akapewa sabuni, hakuondoka. Akautazama mkono wangu, siyo uso.

"Njo wewe, Mwalimu wa Kasulu?"

Ni mama yake Dafroza. Mnisamehe, hapa huwa naandika nafuta.

Tulikaa pembeni kwenye ubao. Alizungumza Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi, taratibu, na mimi nawawekea kwa kifupi.

Mzee Sabimana hakuifungua ile bahasha. Ile siku. Wala ile wiki. Wala mwaka ule. Alisema karatasi ya serikali ukiifungua ndiyo umekubali. Aliishona ndani ya koti lake. Kusoma alijua kidogo, na alichosoma ni muhuri. Muhuri wa shule yangu.

"Tulisema ni wewe umetutaja kwa serikali, mwana wanje," mama aliniambia, akimaanisha mwanangu. "Ulikula kwetu, ukaona tunapokaa, ukatutaja."

Dafroza alilia, akataka kuja shuleni kuniuliza. Baba yake akamkatalia. Akamwambia Mwalimu ni mtu wa serikali, na barua imetoka mkononi mwake.

Kwa hiyo wakuu, miaka ile yote mimi namtafuta block kwa block, yeye alikuwa anajua kwamba mimi ndiye niliyewauza. Nafikiria alivyokuwa akikaa na hilo. Nafikiria kama lile daftari alilitupa.

Kisha mama akanieleza la mpini. Mzee aliponipima mkono siku ile hakuwa ananicheka. Alikuwa keshaona ninapoelekea, akasema huyu akija kuomba nitampa jembe la kuanzia nyumba, na mpini wa mkono wake. Akauchonga. Ulikaa kwenye dari wiki kadhaa ukiningoja nije na watu wangu na pombe. Bahasha ilipofika aliushusha, akaukata vipande, wakapikia maharage ya safarini.

Nilikitazama kiganja changu kama mjinga.

Walirudi Burundi baada ya miaka mingi. Mzee akafariki. Walipokuwa wanagawa nguo zake, Dafroza akaikuta bahasha kwenye koti na kuifungua. Alikuwa ameshaolewa, ana watoto watatu.

"Alisoma?"

"Alisoma. Akakaa chini. Akasoma tena kwa sauti, mimi nasikia. Halafu akaniambia, mama, siyo yeye. Hakututaja. Alikuwa ananiomba."

Machafuko ya 2015 yalipokuja wakatawanyika, mama na mwanawe wa kiume huku, Dafroza na mume wake Uganda. Ni mkalimani kule. English, wakuu. Analipwa kwa English.

Kabla ya kuagana, Dafroza alimpa mama yake maneno ya kubeba: ukifika Tanzania ukimkuta Mwalimu, mwambie. Mama hajui kusoma, kwa hiyo aliyabeba kichwani njia nzima. Akajifunga kitenge vizuri, akasimama. Mimi nikasimama pia. Akayasema kama yanavyosemwa kwao, kwa mdomo, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya sabuni.

"Dafroza anasema: posa yako imefika. Jibu lilikuwa ndiyo, tangu kabla hujaandika. Na anauliza, neno la Jumamosi ile lilikuwa lipi?"

Wakuu, nilimwambia nimesahau.

Nilimdanganya mama mzima, aliyebeba swali langu kuvuka mpaka. Niliona nikilitamka lile neno pale nitaangua kilio mbele ya wanakamati wa kanisa. Akaitikia tu, "Eeh, ni zamani." Akanipa namba ya simu ya Uganda iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni, akarudi kwenye hema lake.

Hiyo namba iko mfukoni mwa shati. Mke wangu ameshaifua mara moja, akaiokota, akaianika dirishani, akanirudishia. Anasema, "Ni neno tu, mpelekee mwenyewe." Mimi nasema yule ni mke wa mtu, na mimi ni mume wa mtu, na tuna mvi.

Nilichojifunza ni kidogo, ila nimekilipia. Kijana unayetaka kuoa ugenini, heshima yako usiipime kwa mizani ya kwenu. Nenda kaulize kwao mke anaombwaje, na ukishajibiwa, fuata. Mimi niliambiwa waziwazi na mwenyewe, barazani, nikafanya ninavyojua mimi. Na muhuri ni kitu kizuri kwako wewe unayeumiliki. Kwa mtu aliyekimbia nyumba yake ni kitu kingine kabisa.

Sasa nawaachia uwanja. Waliooa ng'ambo ya mpaka waseme yao. Wanaojua Nduta waseme. Na mniambie, nipige au nisipige. Wa matusi nao waje, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha hamtanishinda.

Ila kama kuna mtu humu yuko Uganda, anamjua mkalimani mmoja Mrundi, ana daftari kuukuu lenye mstari katikati, mwambie nilidanganya. Sikusahau hata siku moja. Neno lilikuwa winsome. Kushoto aandike: mtu wa kuvutia. Kulia aandike: zamani lilikuwa furaha tu.